Uzito wa Kiti cha Kushoto

Mume wangu hakuwa mtu wa maua. Siku nilipomkubali alinipeleka kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya wazazi wake, akavuta turubai, akanionyesha gari la viti viwili lisilo na paa, la kijani, limejikunyata kama panzi anayetaka kuruka. Akapigapiga kiti cha kushoto, akasema, "Hiki chako." Nikapanda. Huo ndio uliokuwa uchumba wangu, na sijawahi kuutamani wa mtu mwingine.

Gari tuliliita Panzi. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba wanaume wanne walimshika nyuma wakamgeuza aelekee wanakotaka, bila kuwasha injini. Na injini yenyewe ilikuwa ya kuombea dua. Kwenye barabara iliyonyooka mabasi yalitupita na abiria walituonyesha meno. Lakini njia ilipoanza kujipinda, hakuna aliyecheka. Panzi alishika kona kama kupe.

Watu wengi wanadhani gari la michezo ni nguvu. Mimi nina diploma ya ufundi wa magari na nimesimamia karakana ya malori kwa miaka mingi, kwa hiyo niwaambie: nguvu ni kelele tu kama tairi halishiki. Gari zito hukandamizwa chini na uzito wake wenyewe. Gari jepesi lina vipande vinne vya mpira vinavyogusa lami, kila kimoja kama kiganja cha mkono, basi. Kazi ya springi ni kuhakikisha viganja vyote vinne vinafanya kazi. Kimoja kikitegea, vitatu vinabeba mzigo wake, na hapo ndipo unapojikuta unaangalia ulikotoka.

Mume wangu alikuwa fundi wa miwani. Kutwa alikuwa akisugua vioo na kukaza skrubu ndogo kama mbegu za nyanya, na subira hiyo hiyo aliileta kwenye Panzi. Jumapili tulikwenda uwanja wa zamani wa ndege, lami yenye nyufa na nyasi zilizochungulia humo, na pale klabu ya wenye magari madogo ilipanga koni. Mashindano ya siku zile yalikuwa ya watu wawili, dereva na msoma njia. Msoma njia nilikuwa mimi.

"Kushoto kali! Kulia ndefu, usikate! Kushoto tena, nimesema kushoto, wewe baba!"

"Nimesikia, mama, hata wafu wamesikia."

Jumatatu nilifika karakana sauti imekauka, naongea kama bata, na madereva wa malori wakaniuliza kama mume wangu bado yuko hai. Walijua wazi kwamba nyumbani anayepiga kelele ni mimi.

Tukimaliza mzunguko, yeye hakwenda kunywa soda na wenzake. Alishuka, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kila tairi: ndani, katikati, nje. Katikati pakiwa na moto kuliko kingo, upepo umezidi. Kingo zikiwa na moto na katikati pamepoa, upepo ni haba. Kisha alichora mistari ya chaki ubavuni mwa tairi, na tukirudi alitazama imefutika mpaka wapi, ajue tairi linalala kiasi gani kwenye kona. "Njoo uguse," alikuwa akiniambia, kana kwamba ni shavu la mtoto. Nami nilikwenda, nikagusa, tukabishana. Vidole vyetu vilinuka mpira mpaka Jumatano.

Alifariki kwa ugonjwa uliokuja mbio na kuondoka mbio. Panzi alirudi chini ya turubai. Sikumuuza na sikumwendesha barabarani. Nilimwasha mara moja moja ili betri isife, nikamzungusha uani, nikamrudisha.

Binti yetu alipomaliza masomo na kupata kazi ya kuchora ramani za majengo, alikuja kibandani nikiwa nafagia.

"Mama, nataka kupanda mlima."

"Viatu viko chini ya kitanda."

"Na Panzi, mama. Siku ya mlima. Kama baba."

Siku ya mlima ni mara moja kwa mwaka. Klabu hufunga ile barabara ya nyoka inayopanda mpaka kwenye mnara wa simu, na kila gari hupanda peke yake, dereva mmoja, kwa saa ya kushika mkononi. Baba yake aliipanda mimi nikiwa kando yake, enzi hizo ruhusa ilikuwa ya watu wawili. Binti alikuwa mdogo, akitungoja juu na shangazi yake, amefunikwa masikio na kofia ya sufu. Alichokumbuka, aliniambia, ni kuona gari dogo la kijani linatokeza kwenye kona ya mwisho, na sisi wawili ndani tunagombana. Tangu siku hiyo alitaka kutokeza pale.

Nikampa ufunguo.

Jumapili yake ya kwanza uwanjani alizunguka kama pia. Kona za kulia zilipita vizuri. Kila alipokata kushoto, matako ya gari yalitangulia. Mara ya tatu alibomoa koni nne, akasimama anaelekea kwetu, nywele zimemfunika uso.

"Umesalimia vizuri," akasema shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye ana duka la matairi na maoni juu ya kila kitu. "Tatizo ni haya matairi ya kaka. Membamba kama ya baiskeli. Mwanangu, baba yako mdogo atakufungia matairi ya wanaume."

"Matairi hayana jinsia, shemeji," nikamwambia.

"Yana upana, shemeji. Nao ndio huo huo."

Akafunga matairi mapana. Yalijaza mapango ya magurudumu mpaka Panzi akaonekana amevimba miguu. Binti alifurahi, akapiga picha. Kisha akaendesha, na usukani ukawa mzito kama wa lori, na gari likateleza pande zote badala ya upande mmoja. Niliweka kiganja juu ya mpira baada ya mizunguko mitano. Baridi. Tairi pana linahitaji uzito wa kulikandamiza lipate moto, na mpira usiopata moto haushiki. Kumvalisha Panzi matairi yale ilikuwa kama kumvalisha mtoto viatu vya baba yake: mguu unakwenda, kiatu kinabaki.

"Basi tubadili springi," akasema shemeji. "Nina springi ngumu, gari halitayumba hata kidogo."

"Springi za mume wangu hazitoki."

"Lakini shemeji..."

"Nimesema hazitoki. Gari jepesi kwenye springi ngumu linarukaruka kama sahani juu ya sufuria inayochemka. Tairi likiwa hewani halishiki chochote. Na zaidi ya hapo, sitaki."

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa la kweli zaidi.

Msimamizi wa klabu tunamwita Bwana Filimbi, kwa kuwa anayo shingoni hata akienda msibani. Alikuja polepole, mikono nyuma, akatazama alama nyeusi za matairi zilizojikunja kwenye lami kama mkia wa nguruwe.

"Mama," akaniambia mimi, wala si binti, "nilimpenda sana mumeo. Kwa hiyo nasema wazi. Kule mlimani kona za kushoto zina korongo upande wa nje. Mtu anayezunguka kwenye uwanja mtupu simpeleki. Jumamosi ijayo nitamtazama. Akizunguka hata mara moja, atapanda mwakani."

"Mwakani nitakuwa kazini mbali," binti akasema. "Nimeshapangiwa."

"Basi usizunguke," akasema Bwana Filimbi, akaenda zake.

Nilirudi na shemeji kwenye gari lake, binti akitufuata na Panzi mpaka langoni. Hapo akasema, akiangalia usukani, "Nikishindwa, mama, mrudishe chini ya turubai. Sitamwomba tena. Labda alikuwa wa baba tu."

Katikati ya wiki tulirudisha matairi membamba, mapya, ya kipimo kile kile cha baba yake. Shemeji aliyaleta mwenyewe, amenuna, na hakukosa la kusema: "Mkianguka msiseme niliwauzia utambi wa taa." Tukapunguza upepo. Nikamfundisha binti chaki na kiganja. Nilipomwona amepiga magoti, sikio karibu na gurudumu, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, ilinibidi nijifanye natafuta kitu kwenye kisanduku cha spana.

Tukaenda uwanjani jioni moja baada ya kazi, mimi, yeye na shemeji. Kulia, safi. Kushoto, matako yakaondoka tena. Afadhali kuliko mwanzo, lakini yakaondoka.

"Panda, mama," binti akasema, jasho linamtiririka. "Nisomee njia kama zamani. Labda nakosea mahali pa kuanza kukata."

Sikuwa nimekaa kwenye kile kiti gari likitembea tangu mume wangu aliposhindwa kushika usukani. Kilikuwa kimepungua, au mimi nimeongezeka. Nikajifunga mkanda. Akaondoka, na upepo ukanipiga usoni na ile harufu ya petroli na nyasi, na kabla sijafikiri mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Kushoto kali! Breki sasa, achia, kata!"

Panzi akakata. Hakuyumba, hakulia. Alikaa chini, akashika lami kwa miguu yote minne, akazunguka ile koni kama aliyefungwa nayo kamba. Kulia ndefu. Kushoto tena. Nilisikia kwenye mgongo kile kitu nilichokuwa nimekisahau, jinsi gari lilivyokuwa likiinama kidogo, linatulia, kisha linavuta. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimevaa kilemba cha manjano na mtu aliyenuka dawa ya kusafishia vioo alikuwa ananiambia hata wafu wamesikia.

"Nimempata!" binti akapiga kelele tuliposimama. "Mama, nimempata! Ni breki, nilikuwa nachelewa breki!"

Nikafungua mkanda, nikashuka. "Rudia peke yako. Vile vile."

Akarudia peke yake. Vile vile, breki pale pale, niliona kwa macho yangu. Kona ya kwanza ya kushoto, akazunguka, akasimama kwenye nyasi.

Shemeji akacheka mpaka akashika magoti. "Jamani! Gari linamtaka mama! Bila mama halitaki!"

Binti naye akacheka, cheko la mtu anayekaribia kulia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshuhudia gurudumu la nyuma kushoto. Alipokata kona, lile la ndani lilinyanyuka juu ya lami kama mguu wa mbwa penye mti, likazunguka bure hewani, na hapo ndipo gari lilipotoka. Nikiwa ndani halikunyanyuka.

Tulipofika nyumbani kulikuwa na mwanga bado. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikatandika gunia, nikaingia chini ya Panzi kwa mgongo, nikapangusa vumbi kwenye springi. Kila springi imekalia nati kubwa ya duara. Ukiipandisha, gari linanyanyuka pembe ile na uzito unahamia pale, ukiishusha, unaondoka. Na juu ya kila nati, ukivuka mpaka kwenye nyuzi za chuma kilichoishika, palikuwa na mstari mdogo mwekundu.

Ilikuwa rangi yangu ya kucha.

Nilibaki chini pale. Nilikumbuka mchana aliokuja na mizani nne za jukwaa alizoazima kwenye ghala la nafaka, akamweka Panzi juu yake, gurudumu moja kila mizani. Mimi ndiyo kwanza nimetoka sokoni. "Panda," akasema. Nikamwambia nina nyama kwenye kikapu. "Panda na nyama." Nikapanda na kikapu mapajani. Yeye akapanda, akasoma, akashuka, akageuza nati, akapanda tena, mpaka mizani zikalingana. Nilimuuliza kwa nini asiweke mfuko wa mchanga badala yangu. Akasema mchanga haukai kama mtu, na tena mchanga haubishani. Mimi nikalala kitini. Nilipoamka nyama ilikuwa imeanza kunuka na yeye alikuwa amechutama chini na kichupa changu cha rangi ya kucha, anatia alama kila nati ili isigeuzwe.

Kwa hiyo hapo palikuwa na jibu. Alikuwa amempima Panzi kwa watu wawili. Haikumpitia akilini, wala mimi haikunipitia, kwamba ipo siku mtu mmoja atakaa humo peke yake. Mafundi wawili ndani ya nyumba moja, na kati yetu hakuna aliyewahi kuwaza gari lile bila mwenzake. Ukiniondoa mimi kitini, upande wa kushoto unapungukiwa, gurudumu la nyuma linakosa cha kulikandamiza, na kila kona ya kushoto inakuwa ya bahati nasibu.

Nikatoka chini, nikawaeleza.

"Basi dawa ni rahisi," shemeji akasema. "Tumweke mfuko wa mchanga kwenye kiti. Wenye uzito wako. Ni kilo ngapi, shemeji?"

"Hiyo ni siri ya serikali."

"Mifuko miwili ya saruji, niseme?"

"Baba mdogo!" binti akamkemea, lakini alikuwa anacheka.

"Bwana Filimbi haruhusu mzigo ndani ya gari," nikasema. "Na hata angeruhusu, unachukua gari jepesi unalipakia mchanga lipande mlima? Wepesi ndio mali yake yote."

Binti alikuwa amechuchumaa, anachungulia. Alinyoosha kidole akaigusa ile rangi nyekundu kwa ncha ya ukucha, taratibu.

"Huu ni mkono wa baba," akasema.

"Ndiyo."

"Ukigeuza nati, itavunjika."

"Rangi hupasuka, ndiyo."

Akainuka, akapangusa magoti. "Mama, acha. Kwa kweli. Nimeuona mlima mara moja nikiwa na kofia masikioni, inatosha. Sitaki kuwa mimi niliyefuta."

Shemeji alirudi nyuma hatua moja. Alitazama viatu vyake.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema. Mtu anaubeba kwa jicho tu, anaona ni mwepesi. Nilimtazama mtoto wangu nikaona amejitwisha mzigo wangu huo wa rangi ya kucha, yuko tayari kuuacha mlima kwa ajili yake, na mimi nimesimama pale na diploma yangu. Miaka yote ile nilijiambia namtunza Panzi. Gari halitunzwi chini ya turubai. Fundi yeyote anajua, mpira unakauka.

"Shemeji," nikasema, "lile ghala la nafaka bado lina mizani?"

"Zipo. Meneja ni mteja wangu."

"Kesho asubuhi nataka nne. Na wewe," nikamgeukia binti, "hiyo suruali usiivue, nakupima kama unavyoendesha. Utakaa kitini mpaka nikuambie ushuke, na usilale."

"Mama, una hakika?"

"Baba yako alipima watu waliokuwepo. Nami napima aliyepo."

Kesho yake, kwa kuwa nati hazikuwa zimeguswa kwa muda mrefu, ya kwanza ilikataa. Nilitia mafuta, nikangoja, nikaitundika spana ya kulabu, nikaegemea kwa uzito wangu wote ule wa siri. Ikatoa mlio. Rangi ikapasuka, vipande vidogo vikadondoka juu ya gunia. Sikuviokota. Nilikwenda kwenye ya pili.

Tulifanya kazi mpaka jua likageuka. Binti kitini, mikono juu ya usukani kama anaendesha kweli, shemeji anasoma mizani kwa sauti kama mnadi. Nyuma kushoto nikapandisha nusu mzunguko. Mbele kushoto nikashusha. Kila ukigusa pembe moja, ile iliyo mkabala nayo kwa mshazari inakujibu, kama mawifi. Njaa ikatushika. Shemeji akaomba ruhusa ya kupumzika, nikamnyima. Mwishoni mizani zikakaribiana kiasi kwamba tofauti yake ilikuwa ni binti kupumua.

"Tutie alama?" akauliza, akitoa kichupa chake mfukoni. Rangi yake ni ya zambarau, mbaya kweli kweli.

"Gari ni lako," nikamwambia. "Tia."

Jumamosi Bwana Filimbi alisimama katikati ya uwanja, mikono nyuma. Binti akaenda peke yake. Kushoto, nikajikuta nimeshika mkono wa shemeji mpaka akaguna. Gurudumu la nyuma likabaki chini. Kushoto tena, kasi zaidi. Lami ikalia kidogo, ile sauti nyembamba ya tairi linalofanya kazi, na Panzi akapita. Alizunguka uwanja mara nyingi kuliko alivyotakiwa. Filimbi haikupulizwa. Bwana Filimbi alipita karibu yangu akasema, "Mlimani afike mapema, maegesho ni machache," na hiyo kwake ni sherehe.

Binti alisimama mbele yangu, uso wote meno. "Panda, mama! Mzunguko mmoja!"

Nikapanda, nikajifunga, nikakohoa kusafisha koo. "Kushoto kali!" nikapiga kelele. Akakata, na Panzi akanigomea. Pua ilisukuma nje, usukani ukalegea, tukaipita koni mbali kwa aibu. Kwenye kona ya kulia Panzi alikuwa na wasiwasi. Kushoto ya pili tukaenda kama kabati linalosukumwa kwenye ngazi.

Akasimamisha gari. Aliuma mdomo, akijaribu kutafuta adabu.

"Sema," nikamwambia.

"Mama, shuka. Unaniharibia gari."

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine yakatoka yenyewe kwa shughuli zake. Nikafungua mkanda, nikashuka, nikafunga ule mlango mdogo kwa mikono miwili kama tulivyozoea, maana ukiubamiza haushiki. Yeye akaondoka. Palikuwa mbali mpaka kwenye kivuli walipokaa wengine, na njia nzima nilimsikia nyuma yangu akikata kushoto, kulia, kushoto tena, bila mtu wa kumsomea njia.